Misfat al Abriyeen na milima yake: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ni yale yale kila msimu. Gari dogo linafika? Naweza kwenda na kurudi siku moja? Watoto wataweza? Oman kuna baridi kweli? Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo haya hapa yote kwa mpango.

Majibu ya haraka kwa mwenye pupa: gari dogo linafika kijijini bila shida, ila si kila mahali juu ya hapo. Kwenda na kurudi Muscat siku moja kunawezekana, lakini utakuwa umekwenda kuona maegesho ya magari. Watoto wanaweza, ukichagua njia. Na baridi ipo.

Misfat ni kijiji cha mawe kilichojengwa ubavuni mwa milima ya Hajar, juu ya mji wa Al Hamra, kiasi cha meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nyumba nyingine zimesimamishwa juu ya majabali makubwa kama yalivyokutwa, hayakuchongwa wala kusawazishwa. Chini yake yanashuka mashamba ya mitende, ngazi kwa ngazi, na mfereji wa maji, falaj, unapita katikati ya yote hayo. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka kwenye orodha yake ya kwanza ya vijiji bora vya utalii. Ijumaa na Jumamosi, ambazo ndizo siku za mapumziko Oman, panajaa.

Kabla hujaondoka

Hakikisha una vitu hivi:

- Viza. Huombwa mtandaoni kupitia Polisi ya Kifalme ya Oman. Masharti yanatofautiana kwa paspoti, kwa hiyo soma ya kwako kabla hujakata tiketi ya ndege. Mkazi wa Oman, ruka hapa.
- Leseni ya udereva, pamoja na ile ya kimataifa.
- Raba zenye meno chini. Kandambili ni za chumbani. Mawe ya kijijini yamelainishwa na nyayo za karne, na karibu na mfereji yana maji.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Mlangoni mwa kijiji kuna mabango yanayosema hivyo, na hayakuwekwa kwa ajili ya urembo.
- Sweta au koti kuanzia Novemba hadi Machi. Kama utalala mlima wa Jebel Shams, ongeza kofia na soksi nzito. Usiku wa Januari kule juu joto linaweza kushuka chini ya sifuri.
- Tochi. Vichochoro vya zamani havina taa kila mahali.
- Maji, lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya kutembea mlimani. Usipunguze.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Ukiingia makorongoni mtandao hukatika.
- Fedha taslimu za Oman. Riali 1 ina baisa 1,000 na ni sawa na dola 2.60 za Marekani hivi. Wauzaji wa asali, tende na mazulia mlimani wengi hawana mashine ya kadi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua majira. Oktoba hadi Machi ndiyo miezi ya kutembea. Aprili bado unaweza, mradi uamke mapema. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Nizwa, mji ulio njiani kutoka Muscat, hupita nyuzi 40, na ingawa Misfat kuna nafuu, kupanda mlima mchana ni kujitafutia balaa. Anayetaka kuona tende zikivunwa ndiye tu ana sababu ya kwenda kiangazi, na huyo atembee alfajiri, mchana akae kivulini. Ramadhani kwenda unaweza, lakini kula na kunywa hadharani mchana hairuhusiwi, hata kwa asiyefunga. Kutembea mlimani bila kunywa maji sikushauri, kwa hiyo mwezi huo baki kwenye majengo na masoko.

2. Tafuta pa kulala kabla ya kutafuta gari. Wengi huanza na gari, kisha wanakuta vyumba vimekwisha. Ndani ya kijiji kuna nyumba za zamani zilizogeuzwa kuwa za wageni, zikiendeshwa na wenyeji wenyewe. Vyumba si vingi, vingine vina bafu la pamoja, na chakula huwa cha jioni na asubuhi, watu wamekaa chini kwenye mikeka. Usiku mmoja ni lazima. Miwili ndiyo raha. Kama unaweza, weka Jumapili hadi Jumatano, na uulize mapema mizigo inabebwaje, maana kutoka maegesho hadi chumbani ni ngazi tupu. Sanduku la magurudumu litakuaibisha. Chukua begi la mgongoni.

3. Kodi gari, ukijua utakwenda wapi. Kutoka Muscat kuna mabasi hadi Nizwa, lakini kutoka hapo kwenda kijijini hakuna basi la kutegemea, ni teksi ya kupatana. Gari lako mwenyewe ndilo linalofaa. Kwa Misfat pekee, gari dogo linatosha, njia ni lami hadi juu. Kwa Jebel Shams chukua gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu barabara ya kule ina mteremko mkali na vipande vya changarawe. Soma mkataba: bima nyingi za magari madogo hazigusi uharibifu uliotokea nje ya lami.

Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda, kumbukeni kwamba Oman wanaendesha upande wa kulia. Barabara kuu si shida, unafuata wenzako. Shida ni kipilefti: unazunguka kinyume cha ulivyozoea, na aliyekwisha kuingia ndiye mwenye haki. Kamera za spidi ziko nyingi mno na faini zitakufuata kupitia mwenye gari.

4. Toka Muscat asubuhi, pitia Nizwa. Barabara ya Muscat hadi Nizwa ni pana na nzuri, saa moja na nusu hadi mbili. Ukiweza kufika Nizwa Ijumaa asubuhi mapema, nenda soko la mbuzi kwanza. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwa kamba ndani ya duara, wanunuzi wamekaa pembeni na katikati. Mnunuzi akipenda anamshika mnyama, anamfungua mdomo kutazama meno, bei inatajwa, na mbuzi anazunguka tena au anaondoka. Ukifika saa nne utakuta kinyesi na wafagiaji. Baada ya hapo panda ngome ya Nizwa, yenye mnara mnene wa duara uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif karne ya 17. Nunua haluwa sokoni; kama umekulia Unguja au Pemba utaijua kwa harufu kabla hujaiona. Na usishangae ukisikia Kiswahili pale pale dukani. Familia nyingi za Oman ziliishi Zanzibar na bara, wengi wakarudi baada ya 1964 na zaidi baada ya 1970, na lugha wakaja nayo. Ila usimwanze mtu Kiswahili kwa kumkisia kwa sura. Salamu alaykum inatosha, mengine yatajileta.

5. Panda Misfat alasiri. Kutoka Nizwa hadi Al Hamra ni kama dakika arobaini. Jaza mafuta sheli ya Al Hamra. Kabla ya kupanda, pita mtaa wa zamani wa Al Hamra, wenye nyumba za udongo za ghorofa mbili na tatu, nyingi zimeachwa na zinabomoka. Moja, Bait al Safah, imefanywa makumbusho ambamo kina mama wanakuonyesha wanavyooka mkate mwembamba, wanavyosaga nafaka na kukaanga kahawa. Usiingie kwenye magofu mengine hata kama mlango uko wazi, sakafu za juu ni magogo ya mitende yaliyooza.

Kutoka Al Hamra hadi Misfat ni kilomita chache za kona na mlima. Gari lina maegesho nje ya kijiji. Egesha hapo. Kila wiki kuna mtu anajaribu kusogea "kidogo tu" kwenye kichochoro, kisha anarudi kinyumenyume huku kijiji kizima kikimwelekeza.

6. Tembea kijijini taratibu, ukifuata maji. Hii ndiyo hatua ninayokuomba uipe muda kuliko zote. Pita lango la mawe, shuka ngazi mpaka uukute mfereji, halafu ufuate. Upana wake ni kama shubiri mbili tatu, na mara nyingi unatembea juu ya ukingo wake.

Falaj haikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ni mali yenye ratiba. Maji yakiingia kijijini yana mpangilio: kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, kisha msikitini, kisha pa kuogea, na mwisho mashambani. Kwa hiyo ukiosha miguu juu, unaosha kwenye maji ya mtu wa chini. Huko mashambani kila shamba lina zamu. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku, na kipimo chake kinachoitwa athar ni nusu saa hivi. Zamu hurithiwa, hununuliwa na hukodishwa kama ardhi.

Utaona kwenye ukingo tundu lililozibwa kwa jiwe lililozungushiwa kitambaa. Inaonekana kama takataka. Usiling'oe, na wala usiruhusu mtoto alichezee. Hilo jiwe ndilo koki: likitoka, maji yanaingia shamba ambalo zamu yake bado, na mwenye zamu anapoteza nusu saa yake aliyoilipia.

Angalia pia mizinga ya nyuki: vipande vya shina la mtende vilivyotobolewa ndani na kulazwa kwa safu. Asali inauzwa kijijini, ni ghali, na bei yake usishindane nayo sana. Kuna pia dimbwi kubwa la kukusanyia maji ambamo vijana wa hapo huogelea. Ni la kijiji. Mgeni mwanamume aulize kwanza. Mgeni mwanamke asiingie, hata akiwa na nguo kamili.

Picha: majengo na mashamba piga. Watu, waombe. Wanawake, usiwapige wala usiwaombe kama wewe ni mwanamume.

Ukikaribishwa kahawa, kaa. Italetwa kwenye finjani ndogo, chungu, ina iliki, pamoja na tende. Mwenyeji ataendelea kukujazia mpaka uitikise finjani kidogo kwa kifundo cha mkono. Wasiojua hunywa finjani nane wakisubiri aache.

7. Asubuhi ya pili, tembea mwanzo wa njia ya W9. Njia za mlimani Oman zina namba, na alama yake ni mistari mitatu ya rangi iliyopakwa kwenye mawe: njano, nyeupe na nyekundu. W9 inaanzia hapo hapo Misfat na kupanda hadi mahali panapoitwa Sharaf al Alamayn, kiasi cha meta 1,000 juu zaidi. Kipande cha kwanza kinafuata mfereji kupitia mashamba mpaka kwenye korongo maji yanakotoka. Ni chepesi, kina kivuli, na watoto wa miaka saba nane wanakiweza wakishikwa mkono pale ukingo ulipo mwembamba. Baada ya hapo mchezo unabadilika: mawe matupu, jua, na mlima usiopumzika. Anayetaka kuimaliza aondoke alfajiri, asiende peke yake, na apange gari limsubiri juu. Wengine geukeni korongoni, mrudi kunywa chai. Hamjakosa kitu cha kulilia.

8. Mchana au siku inayofuata, nenda Jebel Shams. Ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, takriban meta 3,000. Watu huniuliza kama ni kama Kilimanjaro. Kwa urefu ni nusu yake, hewa haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni ukavu: huko hakuna kijito cha kujazia chupa, wala wapagazi, wala vibanda vya kulala njiani.

Barabara inapita karibu na magofu ya kijiji cha zamani cha Ghul, ng'ambo ya korongo. Rangi yake ni ile ile ya mlima, utayapita usipotulia. Ukifika juu, bonde la Wadi Ghul linafunguka ghafla kando ya barabara, na kina chake ni kama kilomita moja. Sehemu nyingi za ukingo hazina uzio. Mshike mtoto kabla hujafungua mlango wa gari.

Njia ya kutembea hapa ni W6, kutoka Al Khitaym hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Unatembea kwenye rafu ya mwamba, bonde liko upande mmoja chini yako, ukuta wa mlima upande wa pili. Ni karibu tambarare, saa moja na nusu kwenda na kiasi hicho kurudi. Mwishoni utakuta nyumba zilizobanwa chini ya mwamba unaoning'inia, na matuta ya mashamba ambayo watu waliyalima hapo, mbele ya genge. Kaa nayo kidogo. Anayeogopa kimo asiende. Njia ina upana wa kutosha, lakini genge liko pale pale muda wote.

Kuna na W4, ya kwenda kilele cha kusini. Hiyo ni siku nzima, saa tano sita kupanda tu, na si ya mara ya kwanza. Kilele cha kaskazini ni eneo la jeshi, hakipandwi.

9. Kurudi, pitia Bahla na Jabreen. Bahla ndipo penye jengo la zama za kati. Ngome ya Bahla ni kazi ya Banu Nebhan, waliotawala sehemu hizi kati ya karne ya 12 na ya 15, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987. Ni udongo mtupu juu ya msingi wa mawe, na ukuta unaozunguka mji na mashamba una urefu wa kilomita 12 hivi.

Jabreen iko mbele kidogo. Ni kasri la karne ya 17 lenye dari zilizochorwa maua, na lina kisa kinachotugusa watu wa pwani. Aliyelijenga, Imamu Bil'arab bin Sultan, aligombana na nduguye Saif, akazingirwa humo humo na kufia humo. Kaburi lake liko ndani. Saif bin Sultan huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Ukiwa na muda wa jengo moja tu, chagua Jabreen. Bahla ni kubwa zaidi, ila vyumba vyake vitupu vinamchosha asiye mpenzi wa kuta.

Makosa yanayogharimu

Kubwa kuliko yote ni kushuka kupitia Wadi Bani Awf kwa sababu ramani ya simu imesema ndiyo njia ya mkato ya kurudi pwani. Kutoka Sharaf al Alamayn njia hiyo ni ya mawe, nyembamba, na ukikutana na gari mmoja wenu atarudi nyuma kwenye ukingo wa genge. Bila gari la magurudumu manne na dereva aliyezoea, geuza.

La pili ni mvua. Korongo kavu linaweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha milimani usiyoiona, huku juu yako jua linawaka. Usipige kambi ndani ya korongo. Maji yakikatiza barabara, simama usubiri, hata ukiona wengine wanavuka. Kuvuka wadi, yaani korongo la maji, iliyofurika ni kosa kisheria Oman, na kila mwaka watu hufa hivyo.

Mambo yakienda kombo

Breki zinanuka ukishuka Jebel Shams: umezikanyaga mno. Simama mahali pa usalama, ziache zipoe, kisha shuka kwa gia ndogo. Gari la otomatiki nalo lina gia hizo. Zitafute kabla hujaanza kushuka.

Huoni tena alama za rangi: usisonge mbele kutafuta. Rudi mpaka kwenye alama ya mwisho uliyoiona, simama hapo, tazama pande zote, juu na chini. Mara nyingi njia imepinda nawe umenyooka.

Kichwa kinauma na mkojo umekuwa wa njano iliyokolea: ni maji. Kaa kivulini, kunywa kidogo kidogo na kitu chenye chumvi, na safari ya siku hiyo imekwisha. Mgonjwa akianza kusema ovyo au kuacha kutoka jasho, piga 9999, namba ya dharura ya Oman. Kama hakuna mtandao, mmoja abaki na mgonjwa, mwingine arudi njia ile ile mliyojia.

Vyumba vya Misfat vimejaa: lala Al Hamra au Nizwa, panda kijijini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utakuwa na vichochoro vyote mpaka saa tatu hivi, mabasi ya watalii yanapoanza kufika.

Giza limekukuta ukiwa bado Jebel Shams: usishuke kwa haraka ya chakula cha jioni. Kuna kambi za kulala juu pale, na barabarani usiku kuna punda na mbuzi ambao taa za gari hazikuonyeshi mpaka uwe umewafikia.